Kusitiri Si Kuficha: Maneno ya Pembeni Mbele ya Hakimu

Katika mahakama za mahakimu za Maua, Nkubu, Chuka, Siakago na Runyenjes, kama ilivyo katika mahakama nyingine nyingi nchini Kenya, kuna kauli moja ambayo haikosi kusikika kesi za unajisi zinapotajwa. Mtoto huulizwa mshtakiwa alimtendea nini. Baada ya kimya kirefu hujibu: "Alinifanyia tabia mbaya." Kila aliyemo chumbani humo humwelewa. Karani anayefasiri humwelewa, mwendesha mashtaka humwelewa, mama mtu huinamisha kichwa kwa sababu ameelewa, na mshtakiwa, awe na hatia au asiwe nayo, hana shaka yoyote kuhusu jambo analotuhumiwa.

Kisha hakimu huandika. Kumbukumbu za kesi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na kauli ya mtoto hugeuzwa neno kwa neno, tabia ikawa tabia na ubaya ukawa ubaya. Kinachopatikana ni maneno mawili ambayo Mwingereza humwambia mtoto aliyeongea huku chakula kikiwa kinywani, au aliyesahau kusema asante. Miezi mingi baadaye, pengine miaka, rufaa hufika katika Mahakama Kuu ya Meru, Chuka au Embu. Jaji hukutana na karatasi tu. Hakioni kichwa kilichoinama wala hakisikii kile kimya kilichotangulia jibu. Wakili wa mrufani husimama na kudai kwamba mlalamishi hakusema lolote lililo kosa kisheria. Na kwa Kiingereza cha karatasi ile, wakili huyo hakosei sana.

Makala haya yanashikilia kwamba mtoto yule amesema. Amesema kwa ukamilifu, kwa kanuni za lugha anayoitumia na za jamii iliyomlea. Kilichopungua ni usikivu wa wanaomsikiliza, na sehemu ya upungufu huo inaanzia mahali ambapo wasomi wa Kiswahili hawapendi kupaangalia, yaani katika namna dhana ya usemaji usio wa moja kwa moja inavyofundishwa madarasani na katika kumbi za mihadhara.

Lugha huhukumu usemaji kwa majina inayoupa. Kiingereza kinapotaja maneno yasiyo ya moja kwa moja, picha iliyomo ni ya njia: ipo njia iliyonyooka na ipo inayopinda, na anayefuata inayopinda hushukiwa kuwa ana jambo analolikwepa. Ni kweli kwamba wasemaji wa Kiingereza wenyewe ni mabingwa wa kuzunguka. John Searle, mwanafalsafa wa Marekani, alilionyesha hilo mwaka 1975 kwa mfano wa mezani: anayemuuliza mwenzake iwapo anaweza kuifikia chumvi haulizi urefu wa mkono wake, bali anaomba apewe chumvi. Lakini mezani ni mezani. Katika uandishi rasmi, katika mahojiano ya kazi, na hasa mbele ya sheria, utamaduni huo hudai unyoofu, na asiyenyoosha maneno huhesabiwa kuwa hana hakika au hana ukweli.

Kiswahili hakina jina moja la jambo hili. Kina ghala zima la majina, na kila jina lina hukumu yake ndani. Anayezungusha maneno, anayeyamung'unya, anayeuma na kupuliza, hawa wote hulaumiwa. Anayepiga vijembe huogopwa. Mwenye mafumbo huheshimiwa, na hapo kipimo humhamia msikilizaji: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Anayetumia tasfida husifiwa kwa adabu. Wakati huo huo Kiswahili humsifu pia anayepasua mbarika, na husema kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kwa hiyo yale madai yanayojirudia katika tasnifu za wanafunzi, kwamba Mwafrika hupenda mzunguko na Mzungu hupenda unyoofu, hayafai hata kuwa dhana ya kuanzia. Suala si nani huzunguka. Wote huzunguka. Suala ni kila jamii inauita mzunguko gani kwa jina gani, na humwamini nani anayezunguka.

Hata lugha zilizo mbali mno na pwani ya Afrika Mashariki hutenganisha vivyo hivyo. Kitagalogi cha Ufilipino kina neno pahiwatig, ishara ya maana ambayo msikilizaji huachiwa aitambue kwa kuhisi, na kina parinig, maneno yanayosemwa ili yamfikie mtu ambaye hakuelekezewa waziwazi. Mwanamke wa Mombasa au Unguja anayejitanda kanga iliyoandikwa maneno ya kumlenga jirani hahitaji kufasiriwa parinig ni nini.

Katika ghala la Kiswahili, maneno mawili yanastahili kutolewa na kuwekwa mezani kwa sababu ndiyo yanayobeba hoja hii: kusitiri na kuficha. Kamusi huyaweka karibu sana, lakini matumizi huyatenga. Nguo husitiri mwili, na hakuna asiyejua kwamba chini ya nguo kuna mwili. Mwizi huficha alichoiba, na nia yake ni kwamba asiwepo anayejua kuwa kipo. Anayesitiri huacha maana ijulikane na kuzuia tu isianikwe. Anayeficha huizuia maana yenyewe. Ndiyo maana Mungu huombwa asitiri, na waja huambiwa kuwa stara ni neema, ilhali hakuna sala ya kuomba kufichwa isipokuwa mtu anafukuzwa na maadui. Mtu aliyesitiriwa heshima yake hubaki mbele ya macho ya watu. Aliyefichwa huondolewa machoni.

Tasfida, basi, ni sitara. Asemaye kwamba mzee ameaga dunia hamfichi yeyote kifo, na asemaye kwamba mwanamke amejifungua hafichi uzazi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu huyajua haya na huweza kuyatolea mifano kumi bila kupumua, kwa kuwa mtihani huyataka. Asichofundishwa ni kwamba vazi lile lile laweza kuvaliwa na anayesitiri na anayeficha, na kwamba kazi ya msikilizaji ni kubainisha nani amelivaa.

Katika nyanda za mashariki ya Mlima Kenya, sitara hii ina jina lake la kienyeji. Kiswahili kina neno soni, ambalo wanafunzi wengi hulikuta katika ushairi tu, lenye maana ya haya au aibu. Kimeru na Kiembu vina nthoni, na Kigikuyu kina thoni. Shina ni moja, nalo ni la kale kuliko mipaka ya lugha hizo. Kutokana na shina hilo huundwa jina la mkwe, muthoni, yaani mtu ambaye mbele yake mtu huona haya; na Muthoni ni jina wanaloitwa wanawake wengi mno kutoka Igembe hadi Mbeere, pengine bila wenyewe kulitafakari. Ukwe, katika fikra hiyo, ni uhusiano wa kuoneana soni, na lugha yake ni ya pembeni. Wajumbe wa posa hawaingii katika boma wakataja msichana. Huzungumzia mvua, mifugo, njia waliyopitia, kisha huuliza iwapo mwenye boma hana mbuzi au ua ambalo wageni wangeruhusiwa kulitazama. Kwa Waigembe na Watigania, maneno yenyewe hutanguliwa na ncoolo, kitita cha miraa kilichofungwa kwa uangalifu kwa ajili ya shughuli za heshima kama hizo. Kitita kinazungumza kabla ya wazee kufungua vinywa. Kikipokewa, mlango umefunguliwa. Na hakuna mzee anayeweza kurudi mwezi ujao akadai kwamba hakujua wageni wale walifuata nini. Akidai hivyo atachekwa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo aghalabu hupuuzwa. Katika mila hiyo, usemaji wa pembeni hufunga pande zote mbili. Msemaji hufungwa na alichokidokeza, na msikilizaji hufungwa na alichokielewa. Ncoolo iliyopokewa ni jibu. Haiwi tetesi.

Sasa mtoto wa jamii hiyo aletwe mahakamani. Amelelewa katika nthoni: kuna viungo ambavyo hajawahi kusikia vikitajwa na mtu mzima anayemheshimu, si kwa Kimeru wala kwa lugha nyingine. Amekwenda shule, akakuta Kiswahili, na Kiswahili cha darasani kikampa kifungu kimoja tu, "sehemu za siri", ambacho chenyewe humwambia kwamba jambo hilo ni la kunyamaziwa. "Tabia mbaya" pia ni Kiswahili cha shule na cha jikoni. Ndilo onyo alilopewa na mama na mwalimu alipokuwa mdogo, nalo limebeba uzito wote wa marufuku. Anapolitumia mbele ya hakimu, amechagua neno zito kuliko yote aliyo nayo. Kumwambia aseme kwa uwazi zaidi ni kumtaka avunje adabu ile ile ambayo mshtakiwa anatuhumiwa kuivunja, tena mbele ya wanaume asiowajua, na mara nyingine mbele ya mshtakiwa mwenyewe.

Sheria, kwa upande wake, ina madai yake, na si madai ya kudharauliwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imeeleza kitendo chenyewe kwa kutaja viungo, na upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha umri wa mtoto, kitendo hicho, na utambulisho wa aliyekitenda. Mtu anayepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake huhukumiwa kifungo cha maisha. Hakuna mpenda haki anayeweza kutaka mtu afungwe maisha kwa neno lenye maana kumi. Na "tabia mbaya" kwa kweli lina maana zaidi ya moja. Mwalimu hulitumia pia kwa mtoto anayepiga kelele darasani au anayeiba kalamu. Wakili anayelishambulia neno hilo anafanya kazi yake, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inamhakikishia mteja wake haki ya kusikizwa kwa njia inayofaa.

Mahakama zenyewe zimelijadili suala hili. Zimekuwapo rufaa zilizopinga hukumu kwa hoja kwamba neno hilo halitoshi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema bayana kwamba watoto waliotendewa maovu ya aina hii, kwa soni na kwa uchanga wao, aghalabu huyaeleza kwa lugha ya tasfida, na ikataja "tabia mbaya" miongoni mwa mifano ambayo korti za Kenya zimekwisha kuipokea. Uamuzi huo ulikuwa hatua kubwa, na wanaisimu wangepaswa kuupokea kwa makofi. Ni nadra kwa mahakama ya juu kuandika, kwa lugha ya kisheria, jambo ambalo kwa kweli ni hoja ya pragmatiki: kwamba maana ya usemi haimo katika maneno peke yake, imo pia katika nani anayasema, mbele ya nani, na kwa haya gani. H. P. Grice alijenga nadharia nzima juu ya jambo hilo. Hakimu wa Marimanti hukutana nalo kabla ya saa nne asubuhi.

Lakini hoja ya makala haya ingekuwa nyepesi kama ingeishia kwamba kila mzunguko wa maneno katika eneo hili ni sitara. Meru ina historia yake ya mahakama na mafumbo, na historia hiyo ina upande wa pili.

Mwezi wa Aprili mwaka 1956, baraza la Njuri Ncheke lilipiga marufuku tohara ya wasichana katika wilaya ya Meru. Wasichana wengi waliikaidi amri hiyo. Walipoulizwa ni nani aliyewatahiri, jibu lilikuwa kwamba wamejitahiri wenyewe, na kutokana na jibu hilo wakapewa jina ambalo wanahistoria wamelihifadhi: Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika muda wa miaka 3 iliyofuata, wasichana, wanaume na wanawake zaidi ya 2,400 walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuvunja amri hiyo. Msomaji azingatie umbo la kauli yenyewe. Haina fumbo. Ina mtenda, ina kitendo, imenyooka kama mshale. Na bado, kwa wengi waliyoitumia mbele ya wazee wa mahakama, kazi yake ilikuwa kuficha: iliwakinga mama, nyanya na ngariba waliokuwa nyuma yao. Huu ni ushahidi wa kutosha kwamba unyoofu wa sentensi si dhamana ya uwazi. Kauli iliyonyooka inaweza kuficha, na iliyopinda inaweza kufichua.

Kiswahili kimeshiriki katika kuficha huko kwa njia yake. Neno tohara limetokana na usafi. Msemaji anapolitumia kwa wasichana, anakuwa amekitakasa kitendo kabla hakijajadiliwa. Neno ukeketaji lilipochukua nafasi yake katika kampeni za umma, na baada ya Bunge kupitisha sheria ya kukiharamisha kitendo hicho mwaka 2011, halikuwa badiliko la msamiati tu. Waliolipinga neno hilo kwa madai kwamba ni kali na halina adabu walikuwa wakidai tasfida ibaki, na tasfida waliyoidai haikumsitiri msichana. Ilimsitiri aliyeshika wembe. Baadhi ya walimu wa Kiswahili nao walisita, wakiogopa kwamba neno hilo halifai kutamkwa mbele ya darasa. Woga huo wa adabu ulikuwa na gharama, na haikulipwa na mwalimu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa siasa. Neno madoadoa, ambalo kamusi hulieleza kuwa ni alama ndogo ndogo za rangi tofauti, lilikuwa limetumika katika Bonde la Ufa nyakati za uchaguzi kuwaita watu wa makabila mengine waliotakiwa kuondoka. Januari 2022, seneta wa Meru wa wakati huo alilitamka katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret. Kabla ya jua kutua, nchi nzima ilikuwa imelisikia na kulielewa. Alikamatwa na polisi, akaomba radhi, akaeleza kwamba hakuwa amekusudia maana hiyo. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya mafumbo yanayoweza kuchochea chuki, na madoadoa yalikuwemo. Hapakuwa na mtu aliyesema kwamba madoadoa ni madoadoa tu, kwamba mnyama mwenye rangi mbili naye ana madoadoa, na kwamba ni lazima msemaji ataje kabila na kitendo kabla ya kuchukuliwa hatua. Dola ilisikia maana. Ilisikia haraka, kwa sababu ilikwisha kuona maana hiyo ikigeuka moto.

Basi kuna nini kinachofanya masikio yale yale yawe mazito mtoto wa Tigania anaposema "tabia mbaya"? Neno lake si geni kuliko madoadoa. Halina historia fupi zaidi, wala idadi ndogo zaidi ya wanaolielewa. Jibu lisilopendeza ni kwamba fumbo la mwenye nguvu hutafutiwa maana kwa sababu linatisha, na la mnyonge huachwa njiani kwa sababu kulielewa kunaleta kazi. Anayekiri kwamba ameelewa analazimika kutenda. Afisa wa kituo cha polisi atalazimika kuandikisha ripoti, kutoa fomu ya P3, kumtafuta mtuhumiwa ambaye pengine ni jirani au mjomba. Kutoelewa ni rahisi zaidi, na maneno ya pembeni humpa mtu kama huyo pahali pa kusimama.

Si dhana tupu. Mwaka 2012, shirika la Ripples International la Meru liliwasilisha katika Mahakama Kuu ya Meru ombi la kikatiba kwa niaba ya wasichana waliokuwa wamenajisiwa na malalamiko yao yakapuuzwa na polisi. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji J. A. Makau aliamua kwamba polisi walikuwa wamekiuka haki za watoto hao kwa kutoyachunguza malalamiko yao kwa haraka, kwa ukamilifu na kwa weledi. Kesi hiyo haikuhusu tasfida. Hata hivyo, ina somo kwa anayechunguza lugha: uamuzi haukuwalaumu watoto kwa kutojieleza. Uliwalaumu waliokuwa na wajibu wa kusikiliza. Kama wazee wa ncoolo, waliopokea neno walifungwa nalo.

Hapa ndipo idara za Kiswahili zinapoingia. Chuo Kikuu cha Chuka kilipewa hati mwaka 2013, kile cha Embu mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha Methodisti mjini Meru kilikuwa kimetangulia mwaka 2006. Eneo ambalo zamani lilipeleka wanafunzi wake Nairobi na Njoro sasa lina vyuo mlangoni, na walimu, makarani wa mahakama na maafisa wa watoto wa kesho wamo kumbini sasa hivi. Wanafundishwa nini kuhusu maneno ya pembeni? Kwa jumla hufundishwa kwamba tasfida ni tamathali ya usemi, kwamba hupamba lugha, na kwamba huonyesha adabu. Katika fasihi simulizi, fumbo na kitendawili huorodheshwa pamoja na sifa zake: ni fupi, lina fomyula, hujenga uwezo wa kufikiri. Yote haya ni sahihi na hayatoshi. Fumbo limewekwa katika kabati la makumbusho, ilhali liko barabarani na mahakamani likifanya kazi yake kila siku. Nadharia ya upole ya Brown na Levinson, ambayo wanafunzi huikariri kwa bidii, humtazama zaidi msemaji na mbinu zake za kulinda uso wake na wa mwenzake. Haisemi mengi kuhusu msikilizaji anayejifanya hajasikia. Ni eneo ambalo mtafiti wa Kimeru, Kiembu na Kiswahili angeweza kuandika jambo ambalo halijaandikwa vizuri na wengine.

Ukalimani nao umechukuliwa kuwa kazi ya anayejua lugha mbili, basi. Karani wa mahakama anayefasiri kutoka Kitharaka au Kimbeere hadi Kiswahili au Kiingereza hupewa kazi ngumu kuliko ya mfasiri wa kitabu, kwa sababu hana nafasi ya kufuta. Akifasiri neno kwa neno, anageuza unajisi kuwa utovu wa adabu mezani. Akifasiri maana, anaweza kulaumiwa kwa kumtilia shahidi maneno kinywani, na lawama hiyo ni ya haki, maana huenda kweli akatia ambayo hayakuwamo. Njia iliyopo kati ya hatari hizo mbili si siri. Kauli ya shahidi iandikwe jinsi alivyoitamka, katika lugha aliyoitamka. Kisha lije swali la pili, lililo pole na wazi: neno hilo nyumbani kwenu humaanisha nini, na alikufanyia vipi. Mtoto aonyeshe, achore, au azungumze kupitia mtu anayemwamini. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kimeruhusu shahidi dhaifu asaidiwe hivyo. Jibu la swali la pili liandikwe chini ya la kwanza. Mshtakiwa hapotezi haki yoyote kwa utaratibu huu. Kinyume chake, kama neno lilikuwa na maana nyingine, maana hiyo itaonekana hapo, wala haitasubiri rufaa.

Wapo watakaouliza iwapo huku si kuiaibisha mila, kwamba nthoni inatakiwa ivuliwe nguo mbele ya serikali. Swali hilo lina uzito, lakini limekosea anayevuliwa. Katika utaratibu wa sasa, ambapo kauli ya mtoto hudaiwa kuwa haijasema kitu, ni yeye anayerudishwa mara ya pili na ya tatu kuambiwa aseme zaidi. Msikilizaji aliyeelimika humpunguzia safari. Wazee wa eneo hili walijua kuuliza swali lililositiriwa likapata jibu lililositiriwa, na kila upande ukaondoka na maana kamili. Ujuzi huo haujafa. Umekosa tu kuandikwa katika mitaala ya wale wanaopewa madaraka ya kusikiliza.

Isitoshe, kizuizi cha kisheria kinachotajwa mara nyingi hakipo. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, lakini lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba imeipa lugha hiyo hadhi ya lugha ya taifa na kuifanya, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hakimu wa Siakago au wa Maua anayeandika "alinifanyia tabia mbaya" kwa Kiswahili jinsi ilivyotamkwa, akaandika swali la pili na jibu lake kwa Kiswahili hicho hicho, havunji kanuni yoyote, na jaji atakayelifungua jalada hilo Embu au Meru atalisoma neno lenyewe, bila mkono wa tafsiri kupita juu yake.